Tulivyojifunza Kunyamaza Pangoni

Nyumba nyingi kijijini kwetu, upande huu wa Ntobeye, siku hizi ni za matofali ya kuchoma na mabati, na wenye uwezo hupaka rangi ya dukani. Hata hivyo kijana anapooa, ukuta wa mbele lazima upakwe ingwa, ule udongo mweupe ambao mama zetu waliupaka kwa kiganja tangu nyumba zilipokuwa za miti na nyasi. Ingwa ipo sehemu nyingi. Ipo kwenye kingo za barabara ya kwenda Ngara, ipo bondeni, na mtu akitumwa na ndoo anarudi nayo kabla maharage hayajaiva. Lakini ile nyeupe kuliko zote, isiyo na chembe ya mchanga, iko nyuma ya maji.

Kwenye ubavu wa kilima kinachotazama migomba yetu kuna pango. Ukiingia kwa kuinama unafika kwenye dimbwi la maji baridi, na hapo ndipo wanawake huchota wakati wa kiangazi visima vikikauka. Upande wa ndani mwamba unashuka mpaka unazama majini kama pazia la jiwe. Anayejua kuzuia pumzi hupiga mbizi chini ya pazia hilo, akapapasa njia nyembamba, akaibukia upande wa pili kwenye chumba cha giza. Humo mna hewa, maana iko mipasuko juu ambayo hakuna aliyewahi kuona inakotokea. Kuta za chumba hicho ni ingwa tupu.

Kwenda si kazi kubwa kwa kijana mwenye mapafu mazima. Kazi ni kurudi. Ukichimba ule udongo unaanguka majini, nao ni laini kama unga. Ukigeuka kutaka kutoka, njia uliyojia imekuwa nyeupe kama maziwa. Tochi haikusaidii, inakurudishia mwanga wake machoni. Na ile njia ina tawi jingine linaloishia kwenye jiwe.

Siku hizi naitwa huku na huku kulisema hili. Nimekwenda shuleni, nimekwenda vigango vya jirani, nimekwenda hata Biharamulo kwa wachimbaji wa dhahabu, ambao mashimo yao hujaa maji mvua zikizidi. Watu wananisikiliza kwa heshima nisiyostahili, maana kabla sijawa mtu wa kuwafundisha watu kutoka pangoni, nilikuwa mtu wa kuwaingiza.

Nilisoma mpaka kidato cha nne. Kwa umri wangu na kwa kijiji chetu hiyo ilikuwa elimu ya kutosha kumfanya mtu aitwe kila penye shughuli. Nyumbani tunasema Kihangaza, lakini kwenye harusi watu walipenda maneno mazito yasemwe kwa Kiswahili kilichonyooka, na changu kilikuwa kimenyooka. Kwa hiyo nikawa msemaji wa upande wa msichana, harusi baada ya harusi. Kabla bibi harusi hajaingia ndani, nilikuwa napitisha kidole ukutani taratibu, nakitazama kidole, nawatazama watu, kisha nauliza, "Wakwe zetu, udongo huu mmeuokota barabarani, au kijana wenu ameufuata nyuma ya maji?"

Kama ni wa barabarani, watu walicheka, na upande wa kijana uliongeza mtungi wa pombe ya ndizi. Kama ni wa nyuma ya maji, vigelegele vilifika ng'ambo ya bonde. Niliupenda sana ule ukimya mfupi kabla ya jibu. Sikujiuliza ulikuwa unawapeleka vijana wapi.

Kikaja kiangazi ambacho kijana mmoja, zikiwa zimebaki siku chache aoe, aliingia asirudi. Wenzake waliokuwa kando ya dimbwi waliona maji yakigeuka meupe, wakangoja kidogo, wakatoka nje kupiga induru. Kwetu induru si sauti ya kusikia ukaendelea kula. Kila mwanaume anayeisikia hukimbia ilikotoka na chochote alichonacho mkononi, na anayechelewa ataulizwa mbele za watu alikuwa wapi. Ni desturi nzuri. Imezima moto wa nyumba nyingi na kuokoa ng'ombe wengi. Lakini siku ile ilitupeleka kubaya, na aliyeielekeza huko ni mimi.

Nilifika miongoni mwa wa kwanza. Wanawake walikuwa wanalia, wanaume wamesimama wanayatazama maji. Nikapaza sauti juu ya vilio vyote, "Wanaume wa kijiji hiki mko wapi?"

Wawili wakavua mashati. Mmoja alikuwa mdogo wangu, aliyenifuata ziwa. Waliingia kwenye yale maziwa mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna aliyetoka akiwa hai. Jua lilipoinama na maji kuanza kutulia, yule kijana wa kwanza akatoka mwenyewe. Alitoka na furushi lake la ingwa begani, anatabasamu, akidhani kelele alizozisikia zilikuwa za kumpokea.

Mwenyekiti wa wakati ule alifunga mlango wa pango kwa miti na miiba. Msimu wa harusi uliofuata ile miti ilikuwa imekwisha kuwa kuni. Kijana aliyepona alihama na mkewe kwenda Biharamulo, kwa sababu kila alipopita watu walimtazama kama aliyeiba kitu. Mimi nilikwenda Nyakanazi, pale barabara zinapokutana, nikafungua banda la kuuza kamba, maturubai na madumu kwa madereva wa malori. Nilisema nafuata biashara. Ukweli ni kwamba sikutaka kuwa karibu na kaburi la mdogo wangu, wala na mama yangu, ambaye hakuwahi kunilaumu hata siku moja.

Nilikaa Nyakanazi hadi mvi zikatosha. Siku moja mtu wa makamo aliingia bandani, amevaa buti za mpira zenye tope jekundu.

"Shikamoo, kaka."

Nikaitikia marahaba bila kumtazama, nilikuwa napima kamba ya mteja mwingine. Yeye akangoja nimalize, ndipo akaniambia yeye ni nani. Alikuwa yule kijana wa furushi.

Tulikwenda kunywa chai kwa mama ntilie wa jirani. Tuliongea kwanza habari za mvua, habari za bei ya mahindi, habari za watoto wake. Aliniambia anasimamia watu kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, na kwamba alitaka kamba imara ya kushushia watu. Chai ilipopoa nikamuuliza nilichokuwa nimekikwepa miaka yote hiyo: siku ile, kule ndani, alifanya nini?

"Nilikaa," alisema. "Niliona maji meupe, nikajua nikirudi napotea. Nikapanda juu ya jiwe nikangoja. Nikaokota jiwe jingine nikawa nagonga mwamba mjue nipo. Niligonga mpaka mkono ukachubuka."

"Hatukusikia kitu."

"Mngesikiaje, kaka? Mlikuwa mnapiga kelele. Mimi nilikuwa nawasikia ninyi."

Hakusema kwa ukali. Alikunywa chai yake, akanieleza jinsi wanavyofanya kwenye maduara ukuta ukiporomoka. Kitu cha kwanza msimamizi ananyanyua mkono, mashine zinazimwa, watu wote wananyamaza, hata wenye ndugu chini wananyamaza, na mtu mmoja anaweka sikio ardhini. Anayekimbilia shimoni bila kuambiwa anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, hata kama amefanikiwa. Wameshika sheria hiyo baada ya kuzika wengi waliokwenda kuokoa.

Nilimpa ile kamba. Nikafunga banda mapema, na haukupita muda mrefu nikaliuza, nikarudi nyumbani Ntobeye.

Nilianza vibaya. Katekista aliniruhusu kusema baada ya matangazo ya Jumapili, nami nikasimama nikahutubia kama ninavyojua. Nilieleza hewa, nikaeleza maji, nikaeleza mwanga na jinsi unavyorudi. Watu walihamisha matako kwenye mabenchi. Nje, mjane wa mdogo wangu akanisalimia kwa mikono miwili na kuniambia kwa upole, "Shemeji, umesema vizuri sana. Ila hata mimi niliyezika mume sijaelewa umesema nini."

Ndipo nikatafuta ndoo. Nilitaka ile ya plastiki inayoonyesha vilivyomo, nikaipata Ngara mjini sokoni, nikairudisha kwa bodaboda nimeikumbatia kama mtoto. Siku ya gulio nikaiweka mahali ambapo wauza dagaa na wauza viatu vya mitumba wanapakana, nikaijaza maji, nikatumbukiza yai. Halafu nikamimina kopo la ingwa na kukoroga.

"Mzee, hayo maziwa ya ng'ombe gani?" aliuliza muuza viatu.

"Ya mwamba."

"Basi mpeleke kwa daktari, ng'ombe wako anaharisha."

Watu walipocheka wakasogea, na hicho ndicho nilichotaka. Nikatangaza kwamba atakayenionyesha yai kwa macho, bila kubahatisha, alichukue. Wakainama, wakazunguka ndoo, wakaona weupe tu. Mmoja akaomba atumie mkono. Nikamwambia sawa, ila akiligusa na kuliacha likateleza, zamu imekwisha. Akaingiza mkono, yai likakwepa, weupe ukazidi. Akaja wa pili. Akaja wa tatu, mwanamke muuza dagaa, akakoroga mpaka kiwiko. Kila aliyeingia kulitafuta aliwaharibia waliosubiri nyuma yake. Nikawaambia waende wakanunue mahitaji yao, asiguse mtu, warudi baadaye.

Wengi walisahau. Gulio lilipokuwa linavunjwa, muuza dagaa alipita na beseni kichwani, akachungulia. Udongo ulikuwa umelala chini, maji yamekuwa maji, na yai linaonekana. Akalichukua, akalitazama, akanitazama.

"Kumbe ni kukaa tu," alisema.

Sikuhitaji hotuba nyingine. Nilikwenda na ndoo yangu kwenye magulio, kwenye shule ya msingi, kwenye mikutano ya jumuiya. Nilifundisha mambo matatu kwa aliye ndani: kaa, gonga, ngoja. Na matatu kwa walio nje: nyamaza, sikiliza, ngoja. Watoto wa shule wakayageuza mchezo. Ukipita saa ya mapumziko unakuta mmoja amejificha nyuma ya choo anagonga ukuta, na wenzake wamekaa chini wamefumba midomo, macho yamewatoka kwa kuzuia kicheko.

Kwa watu wazima haikuwa rahisi. Mtendaji, kijana msomi na mwenye nia njema, alitaka tuweke kibao cha marufuku, basi. Aliona kwamba kumfundisha mtu namna ya kukwama ni kumruhusu aingie. Nikamwambia marufuku tulikwisha kuwa nayo, ya miti na miiba, na iliivisha maharage ya mtu. Akacheka, akanipa nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Lakini nilipoomba tufunge kamba ya kudumu kutoka mlangoni mpaka chumba cha ndani, ili anayerudi aifuate kwa mkono, alikataa, na mkutano ukakataa naye. Walisema kamba ni mwaliko. Hadi leo nadhani nilikuwa sahihi kuhusu kamba, ila sina hakika, na kutokuwa na hakika kumenifaa zaidi kuliko ujuaji wangu wa zamani.

Katika mkutano huo alisimama fundi mwashi mmoja, kijana mwenye mabega mapana, anayependwa na wote. "Babu," alisema, "ndugu yangu yuko ndani anakufa, na mimi nimekaa nje nimenyamaza kama nimeshiba. Kesho nitaitwa nani?"

Watu wakamwunga mkono kwa kunguruma. Lilikuwa swali la haki. Nikawaambia neno nililowaita wale wawili siku ile, wanaume, na nikawaambia lilikowapeleka. Nilimwambia fundi kwamba mdogo wangu alikufa na jina zuri sana. Mkutano ukatulia, lakini fundi alikaa chini akitikisa kichwa, na sikujua kama nimemshinda au nimemnyamazisha tu.

Kisha mjukuu wangu, niliyemlea baada ya wazazi wake kwenda kutafuta maisha mbali, akachumbiwa. Kijana alitoka kijiji cha jirani, katika familia zilizokuja kutoka Burundi wakati wa vita, wakapewa ardhi, wakalima, wakazaa, wakawa majirani kama majirani wengine. Ni mtu mpole, analima nyanya. Nilimpenda. Kwa kumpenda nikatangaza mapema, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwamba katika harusi hii swali la udongo halitaulizwa. Niliona nimefanya jambo kubwa. Sikufikiri litasikika vipi masikioni mwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akipimwa kama ni wa hapa.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba vijana walimtania vilabuni. Walimwambia babu wa mchumba wake amemsamehe mtihani, kwa sababu wageni hawatahiniwi. Walimwambia wa kwao wanaulizwa, wa kuja wanahurumiwa. Siku moja kabla ya harusi, asubuhi, akamchukua rafiki yake wa karibu, yule fundi mwashi, wakaenda pangoni.

Nilikuwa nafunga turubai uwanjani niliposikia induru. Nilijua inakotoka kabla sijageuka. Mwendesha bodaboda akanibeba mpaka chini ya kilima, na kutoka pale nilipanda kwa miguu hii, nikishika majani.

Ilikuwa kama siku ile nyingine. Watu wamejaa mlangoni na ndani, vilio vimegonga mwamba na kurudi, maji ni meupe kutoka ukingo hadi ukingo. Mama wa bwana harusi alikuwa ameshikwa na wanawake wawili. Mjukuu wangu alisimama peke yake. Na kwenye ukingo kabisa, amevua shati, amebaki na kaptula, alikuwa fundi mwashi. Nikamtazama miguu. Ilikuwa mikavu. Alikuwa amekwisha kupiga induru, amekwisha kuvua, na hakuwa ameingia.

Nilinyanyua mkono. Hakuna aliyeuona, na sauti yangu ya harusi ilikuwa imebaki kule chini ya kilima. Walioanza ni watoto wa shule. Kundi lao lilikuwa limefuata kelele, na walipoona mkono wangu wakakaa chini pale pale kwenye mawe, wakafumba midomo. Mwanamke mmoja akawaona, akanyamaza. Muuza dagaa akamshika jirani yake bega, naye akanyamaza. Ukimya ulitembea kwa watu kama maji yanayonywewa na ardhi, mpaka ikabaki sauti moja, ya mama yule.

Nikamsogelea. "Mkwe wangu, nakuomba unyamaze. Kama yuko hai, anatuita, na sisi hatumsikii."

"Na kama hayuko hai?"

"Basi utalia, na mimi nitalia nawe. Lakini tusikilize kwanza."

Akakusanya ncha ya kitenge chake, akaiweka kinywani, akaiuma.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Tone lilidondoka kutoka juu ya mwamba, likadondoka jingine. Mtu akameza mate nikamsikia. Niliweka sikio kwenye jiwe la baridi, nikasikia moyo wangu, nikauchukia kwa kelele zake. Halafu, mbali, ndani ya mwamba wenyewe, kikasikika kitu kama mtu anayevunja kokoto. Kikaacha. Kikarudi.

Nilimshika mama yule mkono, nikauweka kwenye jiwe. Akasikia kwa kiganja chake. Macho yakamjaa, na kitenge hakikutoka kinywani.

Nilidhani gumu limepita, kumbe lilikuwa ndiyo linaanza. Kumngoja mtu usiyejua kama yupo ni jambo moja. Kumngoja mtu unayemsikia anakuita ni jambo jingine kabisa. Fundi alinijia. "Babu, yuko hai. Niruhusu."

"Yuko hai kwa sababu amekaa. Ukiingia, unamchafulia maji yake."

Akapiga ngumi kwenye paja lake, akarudi kwenye nafasi yake. Baba mdogo wa bwana harusi hakuwa na subira hiyo. Alinisogelea mpaka pumzi yake ikanigusa, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Mzee, ulimuua ndugu yako kwa kelele. Sasa unataka kumuua wetu kwa kimya."

Nilimwambia nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili tutaijua maji yakitulia.

Sijui kama ni jibu lile au kwa sababu hakutegemea nikubali, lakini alikaa chini. Wengine wakakaa. Fundi aliokota jiwe akawa anajibu kwa kugonga, mara tatu kwetu, mara tatu kule ndani. Jibu la ndani lilipochelewa, nyuso zote zilinigeukia, na nitakuwa mwongo nikisema sikuogopa. Mjukuu wangu alikuja akakaa karibu nami, akaegemeza kichwa begani. Jua lilihama mlangoni, likahamia kwenye migomba. Wanaume wenye nguvu za kubeba magunia walikaa wakitazama maji yasiyofanya kitu, na hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko zote walizowahi kufanya.

Kwanza ukingo ulianza kuonekana, kokoto moja moja. Kisha chini ya dimbwi. Fundi alikuwa amekwisha kutuma mtu kuleta kopo la plastiki la siagi ya karanga lenye kifuniko cha kuzungusha. Tukatia ndani tochi inayowaka na mawe ya kulizamisha, tukalifunga kwa kamba, tukalishusha taratibu hadi pale pazia la jiwe linapozama, ili mwanga uonekane upande wa pili na uonyeshe njia ya kweli. Hakuna aliyeingiza hata kidole zaidi ya kamba.

Kule ndani kugonga kukakoma.

Mama yule akafumba macho. Mimi nililazimisha yangu yabaki wazi. Mwanga wa tochi ukafunikwa na kivuli, ukatokea tena, na kichwa cha bwana harusi kikapasua maji katikati ya dimbwi, kimetapakaa udongo, kinavuta hewa kwa sauti. Mikono yake ilikuwa mitupu. Ingwa yake alikuwa ameiacha kule kule.

Fundi ndiye aliyemvuta nje, akamfunika kwa shati lake. Mtu wa kwanza aliyemtafuta kwa macho ni mjukuu wangu, na alichomwambia kilikuwa kifupi. "Nilikaa," alisema. Binti akampiga kofi la bega, kisha akamkumbatia na matope yake yote. Baba mdogo alinishika mkono, hakuuachia.

Mama alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu. Alipomwachia, alifuta uso kwa kile kitenge, akafanya kitu ambacho sikumfundisha mtu yeyote. Alianza upande wa mlangoni, akaenda kwa kila mwanaume aliyekuwa amekaa kwenye yale mawe, vijana kwa wazee, akampa mkono. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale, kama mtu anayeshukuru waliombebea mgonjwa hospitali.

"Asante kwa kutoingia."

Wengine walitazama chini kwa aibu, hawakuzoea kushukuriwa kwa hilo. Alipomfikia fundi, aliushika mkono wake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, heshima ambayo mwanamke wa umri wake hampi kijana. Fundi alijaribu kumwinua, akashindwa, mwisho akajibu kama mtu aliyetoka kumaliza kazi ngumu na anajua ameimaliza vizuri.

"Tumeshukuru, mama. Tulikuwa wengi."

Ndipo muuza dagaa akapiga kigelegele cha kwanza, na wanawake wote wakamfuata, mpaka popo wakatoka kwenye mwamba. Nimesikia vigelegele vingi kwenye harusi nilizosemea. Hivi vilikuwa vya wanaume wakavu, tangu kichwani hadi miguuni, nao walisimama wakavipokea wameinua nyuso.